Dume Mrefu na Mabinti Zake

Julai 2013, pamba ikiwa imeshauzwa, baba alirudi kutoka mnadani na dume ambaye kijiji kizima kilikuja kumtazama. Kwetu ni Misungwi, mkoani Mwanza, upande wa barabara ya Shinyanga. Ng'ombe wetu ni wale wa asili wenye nundu, wafupi, wagumu, ambao jike wao akishapevuka ni nadra kufika kilo 300. Huyu alikuwa wa namna nyingine. Nyonga zake zilimfika baba kifuani. Mwili ulikuwa mrefu kama mtumbwi uliopandishwa ufukweni, miguu mirefu, rangi ya majivu. Wazee walimzunguka wakimshika nundu na kumpapasa mgongo. "Nzagamba!" mmoja akasema, na kwa Kisukuma neno hilo linabeba heshima ambayo "dume" halina. Baba alikuwa ametoa bei ya ng'ombe watatu wa kawaida.

"Huyu atanyanyua zizi," alisema.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza stashahada ya mifugo na nimefungua duka la dawa za mifugo pale njia panda ya Usagara, magari ya Geita yanapoachana na ya Shinyanga. Nilimtazama yule dume nikampenda kama wengine. Sikuuliza swali hata moja kuhusu mama yake. Hilo linaniuma mpaka leo, maana darasani nilikuwa nimefundishwa kuuliza.

Alifanya kazi yake. Kufikia 2016 tulikuwa na mitamba tisa wa kwake, wote warefu, wote wa kuvutia. Majirani walileta majike wao wapandwe. Mtamba mmoja tulimwita Twiga, na jina lilimfaa: aliwazidi mama zake wote kimo kabla hajazaa hata mara moja. Mvua za Machi hadi Mei, malisho yakiwa mengi, ungemwona Twiga na ndugu zake ungesema baba ameshinda.

Halafu inakuja Agosti. Mbuga nyeusi inapasuka, nyasi zinabaki vijiti, ngitili ya ukoo, yale malisho yaliyotengwa kwa kiangazi, inaisha mapema kuliko mwaka uliopita, na ng'ombe wanategemea mabua ya mahindi. Hapo ndipo mabinti wa yule dume walipoanza kuonyesha mbavu. Majike wa zamani, wale wafupi, walikonda nao, lakini walikonda kidogo na mvua za kwanza za Oktoba au Novemba zilipodondoka waliingia joto. Twiga hakuingia. Alizaa mwaka mmoja, akaruka unaofuata, akazaa tena, akaruka. Ndugu zake vivyo hivyo.

Baba alikuja dukani. "Ng'wanawane, nipe dawa ya minyoo. Hawa watoto wa nzagamba wana minyoo."

Nilimpa dawa. Nikaenda mwenyewe kuwanywesha, nikawakagua kupe, nikachukua damu ikapimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Hawakuwa na kitu. Baba akasema ni jicho la watu. Mimi nilikaa usiku nikirudia madaftari yangu ya chuo, na nilipofika kwenye somo la urithi wa tabia zinazokwenda pamoja nikaacha kusoma kwanza, kwa sababu niliona zizi letu limeandikwa pale.

Nitaeleza nilivyoelewa, na naomba mfugaji mwenzangu usiruke sehemu hii.

Mvuvi wa dagaa ziwani huwasha taa usiku kuwaita dagaa. Furu, samaki wengine wadogo wa ziwani, nao huja kwenye taa ile ile. Wavu ukiinuliwa, unainua wote, ingawa yeye aliwatafuta dagaa tu. Kuchagua dume ni hivyo. Unachagua kwa kitu unachokiona, kama kimo, upana wa paja au kina cha mbavu, na vinasaba vinavyoleta kitu hicho vinaleta na vingine usivyovitafuta. Wakati mwingine ni kwa sababu kinasaba kimoja kinafanya kazi mbili. Wakati mwingine vinasaba viwili vimekaa jirani mno kwenye kromosomu, ule uzi unaovibeba, hivyo mara nyingi hurithiwa pamoja. Wataalamu hupima mvutano huo, yaani tabia moja inavyoivuta nyingine, kwa namba kati ya -1 na 1. Ikiwa karibu na 1, ukichagua tabia ya kwanza umeichagua na ya pili, upende usipende. Ikiwa karibu na sifuri, kila moja inakwenda njia yake. Ikiwa chini ya sifuri, ukipandisha moja unashusha nyingine.

Na wanajuaje kwamba ni damu, wala si malisho? Wanatumia ukoo. Chukua madume mengi, kila mmoja awe na watoto wengi kwa majike tofauti, kwenye mashamba tofauti. Kila binti wa dume mmoja amebeba nusu ya damu ya baba yake, lakini mabinti hao hawako zizi moja wala hawana mchungaji mmoja. Kama mabinti wa madume fulani wanazidi kuwa wazito kila wanakozaliwa, na watoto wa madume hao hao wanazidi kupata alama za juu za umbo wakiwa bado wadogo, basi kinachoviunganisha viwili hivyo kimetoka kwa baba. Hesabu yake ni ndefu, lakini msingi wake ni huo.

Kwa uzito wa jike aliyepevuka, jambo hili lina umuhimu wa pekee. Uzito wake wa kweli unaujua akifika miaka mitano au zaidi. Kufikia hapo baba yake ameshapanda majike wa misimu minne au mitano, pengine ameshauzwa, pengine ameshaliwa. Huwezi kumsubiri. Lazima ubashiri kwa kitu unachoweza kukiona kwa ndama au kwa dume wa mwaka na nusu. Ndiyo maana watu wametumia miaka mingi kuuliza: alama za macho tunazompa mnyama mdogo zinatuambia nini kuhusu jike atakayetoka humo?

Walioliuliza swali hili sana ni Wabrazili, na wamelifanyia kazi kwa ng'ombe ambaye ni ndugu wa wetu. Nelore ni ng'ombe wa nundu, asili yake India, upande wa Andhra Pradesh, kule anakoitwa Ongole. Alipelekwa Brazil, na leo sehemu kubwa ya ng'ombe wa nyama wa nchi ile ina damu yake. Kule, ndama akiachishwa kunyonya na tena akiwa na miezi kama 18, mtu aliyefundishwa anasimama mbele ya kundi la rika moja, waliolishwa pamoja, na kumpa kila mnyama alama, mara nyingi 1 hadi 5. Alama hazitolewi kwa kumlinganisha na ng'ombe wa ndotoni. Kwanza anatazama kundi zima, anajua wa kati yukoje, ndipo anaanza.

Anatoa alama tatu kuu. Ya kwanza ni umbo: mwili ukiutazama kwa ubavuni, una eneo kiasi gani, urefu na kina. Ya pili ni kuwahi kunona: mbavu zake zimeshuka kiasi gani ukilinganisha na urefu wa miguu, ubavu wa nyuma umejaa au umepanda, chini ya mkia pameanza kuweka mafuta au bado. Ya tatu ni misuli: paja, kiuno, mkono wa mbele. Chama chao cha wafugaji wa ng'ombe wa nundu kinaongeza na mengine, kikiwemo kitovu, na hapo nilifurahi sana niliposoma, kwa sababu baba hajawahi kumnunua dume mwenye ngozi ya kitovu inayoning'inia. "Huyo miiba itamharibu," husema. Yeye aliyajua hayo kwa macho tu.

Alama hizi zinarithiwa, ingawa si kwa nguvu kubwa: kwa kawaida karibu robo ya tofauti mnazoziona kundini ni ya damu, wakati mwingine zaidi kidogo. Uzito wa jike aliyepevuka hurithiwa kwa nguvu zaidi, theluthi hadi karibu nusu. Na mvutano kati yao ndio ulionifungua macho. Alama ya umbo inavutana na uzito wa ukubwani kwa kiasi cha wastani. Kuwahi kunona na misuli vinavutana nao kwa kiasi kidogo kuliko umbo. Uzito wa miezi 18 wenyewe unavutana sana na uzito wa ukubwani, kiasi kwamba ukimchagua kijana mzito kuliko wote, karibu umeshaagiza mabinti wazito kuliko wote.

Baba alikuwa amechagua kwa umbo. Alipata alichokichagua, na furu wakaja kwenye taa.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa kuhusu kimo cha ng'ombe, uliotumia wanyama 58,265 wa makundi mbalimbali. Walipata sehemu 163 za vinasaba zenye mkono katika kimo, na zote kwa pamoja zilieleza hadi asilimia 13.8 tu ya tofauti. Maana yake, urefu wa Twiga haukutoka mahali pamoja unapoweza kukata ukaondoa. Umetawanyika mwili mzima wa urithi wake. Ukishauingiza zizini, kuutoa ni kazi ya vizazi.

Septemba 2019 nilichukua futikamba ya fundi cherehani nikaanza kupima. Tuna mzani wa ng'ombe? Hatuna. Lakini kuna hesabu ya zamani inayokaribia: zungusha futi kifuani nyuma ya mikono ya mbele, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, zidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, gawa kwa 10,840. Vipimo viwe vya sentimita, jibu litatoka kwa kilo. Si mzani, ila ukipima mwenyewe, kwa mkono ule ule, mwezi ule ule kila mwaka, inakupa picha. Mwezi ni muhimu. Jike wa Aprili na jike wa Septemba ni wanyama wawili.

Madoa, jike wetu wa asili, bibi wa nusu ya zizi: kifua sentimita 142, urefu 122. Kilo kama 227. Twiga: kifua 168, urefu 145. Kilo kama 377, na hiyo ni Septemba, mbavu zikiwa nje.

Mtafiti Max Kleiber alionyesha mwaka 1932 kwamba chakula cha kumweka mnyama hai hakipandi sawa kwa sawa na uzito. Kinapanda polepole kidogo kuliko uzito wenyewe. Kwa hiyo Twiga, mwenye uzito wa Madoa mara moja na theluthi mbili, hahitaji chakula mara moja na theluthi mbili. Anahitaji karibu mara moja na nusu. Madoa akihitaji mizigo kumi ya mabua, Twiga anataka kama kumi na minne na nusu ili tu asimame, kabla hujahesabu maziwa wala mimba. Mtu anaweza kusema: basi kwa kila kilo, Twiga ana nafuu. Ni kweli, na kwenye shamba lenye nyasi za kukata na mashudu ya pamba ya kutosha, nafuu hiyo inaonekana. Mbuga yetu Septemba haina mizigo kumi na minne na nusu. Jike anachunga kuanzia asubuhi hadi jua likizama, anaokota alichopata, na alichopata ni kile kile alichopata Madoa. Mmoja anatosheka nusu, mwenzake anatumia mwili wake mwenyewe. Jike anayekula mwili wake haingii joto. Hakukuwa na jicho la watu wala minyoo.

Niliwahi kumlisha Twiga mashudu miezi miwili ya kiangazi. Aliingia joto. Nilipopiga hesabu ya magunia na bei ya ndama, tulikuwa tumemnunua yule ndama kabla hajazaliwa.

Msomaji asifikiri nasema ufupi ndio dawa. Marekani walijaribu njia hiyo ikawachoma. Miaka ya 1940 na 1950, kwenye maonyesho yao, waamuzi walipenda ng'ombe wafupi, wanene, waliobanana kama tofali. Madume wa namna hiyo walishinda, wakauzwa ghali, wakapanda kila mahali. Baadhi yao walibeba kinasaba cha udumavu kilichojificha. Kikiwa kimoja tu, iliaminika kwamba kilimpa mnyama lile umbo la kubanana walilolipenda waamuzi. Walipokutana dume na jike wote wabebaji, ndama mmoja kati ya wanne alizaliwa kibete, anapumua kwa shida, wa kufa. Ng'ombe wa aina ya Hereford waliumia sana. Baadaye wakageukia upande wa pili, wakaleta ng'ombe wakubwa wa Ulaya, Simmental wa Uswisi na Chianina wa Italia, na kufikia miaka ya 1980 mshindi wa maonyesho alikuwa mrefu kiasi kwamba wafugaji walianza kulalamika kuhusu gharama za majike. Ndani ya umri wa mtu mmoja jicho lao liliwapeleka kwenye shimo mara mbili, moja upande huu, jingine upande ule. Mara zote mbili walichagua kwa jambo moja, bila kuuliza linakuja na nani.

Na soko la kwetu linamsukuma mfugaji kule kule. Mnadani bei inapatanwa kwa macho. Dalali anasimama mbali kidogo, anainua fimbo, anataja. Mrefu anaonekana kutoka mbali. Wanaokusanya ng'ombe wa kusafirisha hadi Pugu, Dar es Salaam, wanataka mnyama mkubwa kwa sababu nafasi ya lori inalipiwa kwa kichwa. Siwezi kumwambia mfugaji aache fedha hiyo. Ninachomwambia dukani, mara nyingi akiwa amekuja kununua dawa ya kupe tu, ni kwamba ng'ombe wa kuuza na mama wa zizi ni kazi mbili. Maksai akiwa mrefu ni faida tupu: anavuta plau vizuri na analipa mnadani. Yeye haachi binti.

Hereni za kielektroniki zilipoanza kuvalishwa ng'ombe, wengi waliziona kama kero. Mimi niliona namba ambayo haifutiki. Daftari langu sasa lina namba ya hereni, mama, baba, kifua na urefu wa Septemba, na kama alizaa au hakuzaa. Kurasa thelathini na mbili. Wanaokuja dukani huwaonyesha wenzao. Mzee mmoja wa Kwimba alinunua daftari lake pale pale barabarani akaniomba nimchoree mistari.

Mwaka jana, Novemba, ilikuwa zamu ya kuchagua dume mpya. Yule wa 2013 alishaondoka siku nyingi. Tulikuwa na vijana watano wa rika moja, wamechungwa pamoja, wa mwaka na nusu hivi. Nilimwomba baba tutoe alama, mimi upande wangu, yeye upande wake, kila mtu bila kumwona mwenzake. Baba hapendi karatasi. Alichukua vifuniko vitano vya ndoo za rangi akavipanga chini ya mkwaju, kifuniko kimoja kwa kila dume, na mfuko wa punje za mahindi. Kila kifuniko alikigawa kwa vijiti sehemu tatu: umbo, kunona, misuli.

Alikaa nao saa nzima. Alianza kwa kuwatazama wote bila kugusa punje, mara mbili, akizunguka zizi. Kisha akaanza kudondosha. Mmoja alikuwa mjukuu wa yule nzagamba, mrefu, mwili mzuri, na baba alimpenda, nilimwona akisimama mbele yake muda mrefu. Kwenye umbo akampa punje tano. Akainama, akatazama chini ya tumbo, akapima kwa kiganja kutoka mgongoni hadi mwisho wa mbavu, halafu kutoka hapo hadi ardhini. Miguu ilikuwa mirefu kuliko mbavu. Kwenye kunona akadondosha punje mbili.

Kijana mwingine, mwekundu, kitukuu wa Madoa, hakuwa na cha kumfanya mtu asimame. Umbo, tatu. Kunona, tano: mbavu zimeshuka, chini ya mkia pamejaa. Misuli, nne. Nilifunua karatasi yangu. Tulitofautiana kwa punje moja tu, kwenye misuli.

Baba alikaa kwenye kigoda akitazama vifuniko. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuja, ule wa alasiri unaotangulia mvua.

"Mama yake mwekundu," akaniuliza, "Septemba anakuwaje?"

Nikafungua daftari. "Kilo 241. Amezaa miaka mitatu mfululizo."

"Na mama yake huyu mrefu?"

"Kilo 350. Mwaka juzi hakuzaa."

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaanza kuokota punje moja moja, kutoka kifuniko hadi kifuniko, akizirudisha mfukoni, kwa sababu zilikuwa mbegu. Alipomaliza akasimama, akajifuta mikono.

"Kesho uje na vifaa vya kuhasi," akasema. "Mrefu atavuta plau."